Vidonge Viwili kwa Siku Ishirini na Moja

Keti kidogo, wewe uliyevaa bluzi nyeupe ya hospitali kwa mara ya kwanza mwaka huu, unisikilize kabla zamu yako haijaanza. Tangu nistaafu, wadogo zangu wa wodi ya magonjwa ya ndani hunipigia simu na swali lile lile: "Mama Odile, mgonjwa wa AVC tumpe aspirini au klopidogreli?" Nikijibu, mtandao unakata katikati, na ninabaki na hofu kwamba nusu uliyoisikia ndiyo ile isiyofaa peke yake. Afadhali niandike.

AVC ni neno la Kifaransa, lakini hapa mjini Likasi hata bibi asiyejua neno lingine lolote la Kifaransa analitumia. Vitabu vya Kiswahili vinasema kiharusi. Nimewauguza wagonjwa wake kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuhusu vyeo na mishahara sina la kusema ambalo wenzangu hawajalisema kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Papa Symphorien, muuguzi mkuu wa wodi. Alikuwa mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuazima. Hakunionyesha kabati la dawa wala kitabu cha zamu. Alinipeleka moja kwa moja kwenye kitanda cha mama mmoja aliyeletwa asubuhi ile, mdomo umepinda kidogo. Akamwomba atabasamu. Akamwomba ainue mikono yote miwili na kuiacha juu huku yeye akihesabu hadi kumi. Kisha akamwambia aseme baada yake: "Leo tunakula bukari na samaki." Aliamini kwamba hakuna mtu wa mji huu asiyeweza kusema bukari, ugali wetu wa kila siku, kwa hiyo ulimi ukijikwaa kwenye sentensi ile, tatizo si la lugha.

Mama yule alimtazama. "Bukari iko wapi?"

Papa Symphorien akaandika kwenye faili, bila kucheka: usemi mzuri, akili timamu, ana njaa.

Niliendelea kufanya kipimo kile hadi wiki yangu ya mwisho kazini. Uso, mikono, usemi, halafu swali la nne ambalo familia husahau kujibu: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Usikubali jibu la "jana jana tu." Uliza walikuwa wanafanya nini. "Tulikuwa tunatoka misa ya pili" ni saa inayojulikana.

Zana zetu wakati ule zilikuwa wembe na kisosi. Aspirini tuliyokuwa nayo ilikuwa ya miligramu mia tano, ile ya homa na maumivu, na mgonjwa wa AVC akishatoka kwenye siku za mwanzo anahitaji kidogo sana kwa siku, kama robo ya kidonge kile. Basi tulikata. Nilikata robo nyingi, na nakiri kwamba baadhi ya robo zangu zilikuwa karibu na nusu. Vilipokuja vidonge vidogo vya miligramu mia moja nilifurahi kama mtu aliyenunuliwa viatu.

Lakini kabla ya kukata chochote, Papa Symphorien alitufundisha kusubiri. AVC ni jina moja la magonjwa mawili. Katika la kwanza, mshipa wa damu kwenye ubongo umezibwa na donge. Katika la pili, mshipa umepasuka na damu inavuja. Wagonjwa wote wawili wanaletwa na mkono uliolegea na mdomo uliopinda. Wa kwanza aspirini inamsaidia. Wa pili inaweza kumuua. Kinachowatenganisha kwa uhakika ni picha ya kichwa, yaani skana, na miaka ile skana ya karibu ilikuwa Lubumbashi.

Mimi nilikuwa kijana na nilikuwa na majibu. Nilisoma kwamba anayevuja huumwa sana kichwa, hutapika, husinzia. Akaja mkulima mmoja wa upande wa Buluo, ametulia, haumwi kichwa, anauliza nani atafunga mbuzi wake. Nikawa tayari nimeweka kidonge kwenye kijiko.

"Unaenda wapi na ile?" Papa Symphorien aliniuliza.

"Papa, huyu ni wa kuziba. Angalia vile ametulia."

"Odile, mutoto yangu, macho yako haina skana."

Mgonjwa alipelekwa Lubumbashi kwa gari la ndugu yake, na picha iliporudi ilionyesha damu. Kidonge nilichokirudisha kwenye kisosi kingeweza kumuua.

Sasa nieleze dawa zenyewe, maana ndizo unazoniuliza. Ndani ya damu kuna chembe ndogo ziitwazo chembe sahani. Mshipa ukikatwa, zinaitana na kushikamana mpaka tundu lizibwe. Hiyo ni kazi nzuri, bila hiyo tungekufa kwa kunyoa ndevu au kumenya muhogo. Ila mshipa uliochakaa kwa shinikizo la damu, sukari na tumbaku una ukuta wenye makovu, na chembe hizo zinadhani kila kovu ni jeraha. Zinashikamana pasipotakiwa. Donge linakua, au linakatika na kwenda kuziba mbele.

Chembe sahani zina njia zaidi ya moja ya kuitana. Aspirini inafunga njia moja. Klopidogreli inafunga nyingine. Kwa zote mbili, chembe ikishaguswa haiponi tena hadi ife na mwili utengeneze mpya, na hilo huchukua wiki moja au zaidi kidogo. Ndiyo maana mgonjwa akiacha dawa leo, damu yake haibadiliki kesho asubuhi, na ndiyo maana akivuja damu, huwezi kuisimamisha kwa kuruka dozi moja.

Klopidogreli ilipofika kwetu kwa mara ya kwanza ilikuja na boksi zuri na bei kubwa, na nusu ya wodi ikaamini kwamba lazima iwe na nguvu mara mbili. Haikuwa hivyo. Kwa mgonjwa wa kuziba anayetumia dawa moja kwa muda mrefu, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo. Aspirini inapatikana kila kona na inajulikana, lakini inachokoza tumbo. Klopidogreli inamfaa asiyeweza kuvumilia aspirini, ila ini lazima liigeuze kwanza ndipo ifanye kazi, na kuna watu ambao ini lao linaigeuza kwa uvivu. Tena dawa moja ya tumbo, omeprazoli, inaweza kuizuia isigeuzwe vizuri. Dipiridamoli nimeiona mara chache, na wagonjwa walilalamikia maumivu ya kichwa mpaka wakaiacha. Tikagrelori nimeisoma tu kwenye vijitabu, sitakudanganya kwamba naijua. Wenzangu walibishana wakati wa chai kama mashabiki wa mpira: ipi bora? Mimi nilichelewa kuelewa kwamba dawa bora ni ile ambayo mgonjwa huyu anaweza kuipata, kuivumilia, na kuinywa akiwa nyumbani bila mimi.

Halafu ukaja utaratibu wa kutoa zote mbili pamoja. Kwa mgonjwa aliyepata AVC ndogo ya kuziba, au ile inayopita yenyewe ndani ya muda mfupi, hatari ya pigo la pili ni kubwa zaidi katika siku na wiki za mwanzo. Kwa hiyo, akianzishwa mapema baada ya picha, daktari humpa aspirini na klopidogreli kwa siku ishirini na moja. Kisha moja inaachwa, na nyingine inaendelea. Baada ya wiki hizo tatu faida ya dawa ya pili inapungua sana, lakini hatari ya kuvuja damu haiondoki. Aliyepata AVC kubwa hapewi zote mbili, kwa sababu ubongo uliojeruhiwa sana unaweza kuvuja. Na ambaye donge lake limetoka kwenye moyo unaopiga ovyo anahitaji dawa za aina nyingine kabisa, muulize daktari.

Yote haya niliyajua vizuri siku nilipomruhusu Papa Mwape.

Papa Mwape alikuwa fundi wa breki za treni, mstaafu, anayekaa kambi ya zamani ya wafanyakazi pale Panda. Mkono wake wa kushoto ulilegea akiwa anakunywa chai, na binti yake Clarisse, muuza vitenge sokoni, hakusubiri mtu wa kumwombea wala wa kumkanda. Alimtia kwenye teksi. Miaka hiyo njia ya skana ilikuwa imerahisika, na picha ikaonyesha hakuna damu. AVC ndogo ya kuziba. Dokta Kabwe, daktari wetu wa wodi, akaandika: aspirini kuendelea, klopidogreli siku ishirini na moja. Mkono ulirudi karibu wote. Siku ya sita alikuwa anafunga vifungo vya shati mwenyewe na kututukana kwa upole kuhusu chai yetu.

Siku ya kumruhusu nilifanya nilichofanya miaka yote. Kwetu, karatasi ya daktari haina maisha marefu. Inakunjwa, inaloa, watoto wanaichora. Kinachobaki ni boksi. Dawa ikiisha, mtu anakwenda na boksi tupu kwenye famasia ya mtaa, analiweka mezani, anasema "Nipe kama hii," na anapewa. Kwa hiyo sisi wauguzi tunaandika dozi juu ya boksi lenyewe kwa kalamu. Nilichukua maboksi yote mawili, nikaandika kwa herufi kubwa kwenye kila moja: 1 asubuhi. Nikapiga mstari chini yake. Nikamkabidhi mkononi na kumwambia maneno niliyowaambia wagonjwa mia kabla yake: "Papa, usikose hata siku moja."

Kuhusu siku ishirini na moja sikusema kitu. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi.

Baada ya miezi minne Clarisse alisimama mlangoni mwa wodi, kitenge kimefungwa vibaya.

"Mama Odile, kuya uone papa. Choo yake iko nyeusi kama makala. Leo ameanguka mu douche, akiwa anaoga." Choo cheusi kama makaa ni damu inayovuja tumboni.

Papa Mwape alikuwa kwenye machela, midomo imepauka, mapigo ya moyo yanakimbia. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga. Nilimwita Dokta Kabwe, tukaweka mpira wa maji mishipani, tukachukua damu ya kupima kundi. Ndugu wawili wa Clarisse walikwenda kutoa damu. Ndipo nikamuuliza Clarisse kama ana dawa anazokunywa baba yake.

Alimimina mfuko wa plastiki juu ya meza yangu. Yalikuwa maboksi tisa. Mawili niliyatambua kwa mwandiko wangu. Saba mengine, ya aspirini na ya klopidogreli, yalikuwa na mwandiko wa muuzaji wa famasia, aliyenakili kwa uaminifu: 1 asubuhi. Hata mstari wangu wa chini aliunakili.

"Anakunywa zote mbili? Mpaka leo?"

"Mpaka leo asubuhi." Clarisse alinitazama kana kwamba nimeuliza kama jua limechomoza. "Weye njo ulisema asikose, weye mwenyewe."

Papa Mwape alifungua macho. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini kila neno lilifika. "Minye nilitumika miaka makumi tatu na moja. Sikuchelewa siku hata moja. Ulisema nisikose. Sikukosa."

Mwenzangu mmoja, mtu mwema, alinivuta pembeni. "Mama, karatasi iliandikwa vizuri. Hawakusoma. Usijibebeshe." Nilikubali kwa muda wa kama dakika tano, maana ni vizuri kuwa na karatasi inayokutetea. Kisha nikarudi kubadilisha chupa ya maji yake, nikaona mkono wake wa kushoto, ule tuliouokoa, umelala wazi juu ya shuka, na karatasi ikawa haina maana.

Dokta Kabwe alisimamisha dawa zote mbili, akampa damu chupa mbili na dawa ya tumbo. Choo kilianza kubadilika rangi siku ya tatu. Lakini hapo ndipo hatari nyingine ilipoanza. Papa Mwape asiye na dawa yoyote alikuwa na mishipa ile ile yenye makovu. Akirudi nyumbani hivyo, pigo la pili lingeweza kumkuta, na lisingekuwa dogo tena. Daktari aliona kwamba tumbo likitulia, aanze tena dawa moja. Kijana mmoja wa mafunzo alipendekeza klopidogreli, kwa kuwa ni pole kwa tumbo. Dokta Kabwe akamweleza kwa utulivu: kwa aliyekwisha kuvuja, klopidogreli peke yake hailindi tumbo kama watu wanavyodhani, aspirini ndogo pamoja na dawa ya tumbo ni njia salama zaidi, na omeprazoli tuliyo nayo haigombani na aspirini. Na apimwe kijidudu cha vidonda vya tumbo, kikiwepo kitibiwe.

Uamuzi ulikuwa mzuri. Mgonjwa alikataa.

"Hapana," Papa Mwape alisema, akifunga mdomo kama mtoto mbele ya kijiko. "Ile dawa inakunywa damu. Munipe chai, hata kama yenu ni mbaya."

"Tunamurudisha ku nyumba," Clarisse akasema. "Tutaomba Mungu. Mama, nakuheshimia, lakini dawa za hapa hatutaki tena."

Dokta Kabwe alijaribu. Alieleza vizuri kuliko mimi, na hawakumsikiliza, kwa sababu alikuwa anaeleza dawa na wao walikuwa wanangoja kitu kingine. Alipoondoka nilivuta kiti. Niliyaweka kitandani maboksi yangu mawili ya mwanzo.

"Papa Mwape, Clarisse, dawa hii haikukosea. Wewe pia hukukosea. Mimi nilikosea. Hili la klopidogreli lilikuwa la siku ishirini na moja tu. Nilijua. Nikaandika sawasawa kwenye yote mawili, sikuandika mwisho, na nikakuambia usikose."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliacha kutafuna.

"Donc njo weye ulikosea," Clarisse alisema polepole.

"Ni mimi."

"Na unakuya kutuambia weye mwenyewe?"

"Nani mwingine angewaambia?"

Sikuona msamaha usoni mwa Clarisse, na sikuuomba. Lakini alivuta kiti chake karibu na changu. "Basi eleza. Juu ya nini mbili, na juu ya nini moja? Sema vile papa atasikia."

Nilianza na chembe sahani. Papa Mwape alinikatiza kabla sijafika mbali.

"Ngoja. Treni ikishuka mulima na mizigo ya shaba, tunakamata breki yote. Yote! Ikifika fashi ya sawa, pasipo mulima, unaachia, unabakisha kidogo. Ukikamata yote njia nzima, utaunguza magurudumu." Alipumua. "Weye uliniambia nikamate breki mpaka Lubumbashi."

"Ndiyo, Papa. Ndivyo nilivyokuambia."

"Fundi wa namna ile, minye ningemufukuza kazi."

"Ungekuwa na haki."

Alicheka, kikohozi kikamshika, Clarisse akamshika bega. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea boksi la klopidogreli. Vidole vilikuwa vizito. Clarisse akataka kumsaidia. "Acha," akamwambia. Alilichana katikati, akachana tena nusu zile, ilimchukua muda, na vipande akaniwekea kiganjani. "Na zile ingine, mwana, chana. Muuza dawa asikuye kuziona." Clarisse akayachana yote ya klopidogreli, moja baada ya jingine. Halafu Papa Mwape akauliza hiyo aspirini moja inanywewa kabla ya chakula au baada.

Daktari alipoona tumbo limetulia, aliianza tena chini ya macho yetu, na Papa Mwape akarudi Panda na boksi moja la aspirini na moja la dawa ya tumbo. Clarisse alikuwa akimleta kupima shinikizo la damu kila mwezi, na kila mara aliniuliza mbele ya watu kama leo nimeandika vizuri. Mara ya mwisho nilipomwona mzee alikuwa anaziba kwa mikono miwili bomba linalovuja nyuma ya nyumba yake, akimfokea mjukuu aliyemshikia spana isiyo sahihi.

Kwa hiyo, unapomruhusu mgonjwa wa AVC mwenye dawa mbili, usimkabidhi maboksi kabla hujafanya haya. Hesabu siku ishirini na moja tangu kidonge cha kwanza, ukijumlisha alizolala wodini, au fuata idadi aliyoandika daktari. Kwenye boksi la dawa itakayoachwa andika tarehe yenyewe, kwa herufi kubwa kuliko dozi: MWISHO, siku, mwezi. Kwenye boksi la dawa inayobaki andika: HII INAENDELEA. Mpe maboksi yote mawili yule atakayekwenda famasia, umwombe akusomee kwa sauti. Akisoma sawa, mwambie kwamba siku ya tarehe hiyo, akishameza kidonge cha mwisho, alichane boksi. Kisha ndipo umruhusu aende.